Pinari, Aitwaye Pasopu

Kwetu mtoto akikaribia moto aliambiwa "Pasopu!" Ukipita nyuma ya ng'ombe anayekamuliwa, pasopu. Ukiwa juu ya mpera na tawi limeanza kulia, pasopu wewe! Nilikua nikidhani ni Kibukusu safi. Kisha nikaenda shule ya bweni, nikamwambia mwenzangu wa kutoka Webuye, Mbukusu kama mimi, "Pasopu, uji huo ni moto," naye akageuka kutazama nyuma yake, akidhani naita mtu. Ndipo nilipogundua kwamba neno lile ni la boma letu peke yetu. Sikujisumbua kuuliza limetoka wapi. Nilikuwa na uji wa kunywa.

Sasa nina miaka arobaini na mmoja na kazi yangu ni majina. Mimi si wakili, mimi ni yule anayechapa hati za kiapo. Nina meza, kompyuta, printa inayokwama kila karatasi ya tatu, na kiti cha plastiki cha mteja, kwenye korido ya ghorofa ya kwanza hapa Nakuru, hatua chache kutoka mahakamani. Watu huja na kitambulisho kinachosema Nafula na cheti cha kuzaliwa kinachosema Naphula. Mama mmoja alikuja na majina yake matatu, yale yale, ila kila karatasi imeyapanga kivyake, na pesa za marehemu mumewe zimekwama kwa sababu hiyo tu. Nachapa, wakili anagonga muhuri, mtu anaenda. Maneno "anayejulikana pia kama" nimeyachapa hadi vidole vinayajua bila mimi.

Mwaka jana zamu ikawa yetu. Shamba la Kimilili bado liko kwa jina la babu yangu, tuliyemwita Kuka, na kesi ya urithi haisogei bila karatasi. Nikapanda matatu hadi kwa Kukhu, bibi yangu, nikamwomba anitolee kila kitu chenye jina la mzee. Akaingia chumbani, akakaa sana, akatoka na kopo la Kimbo lenye kutu mdomoni. Ndani mlikuwa na risiti za ushirika wa kahawa, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye hakuna anayemkumbuka, picha ya pasipoti ambayo mende wamekula nusu ya uso, na chini kabisa, kimekunjwa mara nne, kipande.

Wengi wetu kipande tulikisoma shuleni tukajibu swali la mtihani tukasahau. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kuuma baada ya Vita vya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita na zaidi alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina, kabila, na orodha ya waajiri, kila mmoja akitia sahihi siku ya kuanza na siku ya kuachishwa. Bila sahihi ya kuachishwa huwezi kwenda kuajiriwa kwingine. Karatasi ilikaa ndani ya kijikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Cha Kuka hakipo tena. Kukhu anasema watoto walikitumia kubebea chumvi.

Niliikunjua mezani polepole, maana mikunjo ilikuwa imeshakuwa mipasuko. Jina: Wekeza.

Nilicheka peke yangu. Wekesa ni mtoto wa msimu wa mavuno. Wekeza ni tangazo la sacco. Kuka, ambaye alifariki bila akaunti ya benki, alitembea miaka kadhaa akiwa ameandikwa shingoni kwamba atie pesa kwenye mradi.

Kabila: Kitosh. Hilo lilinichoma kidogo. Ndivyo serikali ya mkoloni ilivyowaita Wabukusu, kwa jina walilolichukua midomoni mwa majirani zetu, na ilichukua miaka mingi ya kulalamika kabla halijaondolewa kwenye vitabu. Kwa hiyo mistari miwili ya kwanza, makosa mawili. Katika kazi yangu hapo tayari ni hati mbili za kiapo.

Halafu upande wa mwajiri, kwa wino uliogeuka rangi ya chai, mwandiko ulioinama kulia: Pienaar. Wilaya ya Uasin Gishu. Nikalisoma kwa sauti nilivyoweza, "Pai-e-naa?"

Kukhu alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Pinari," akasema. "Pinari Pasopu."

Mkono wangu ukaganda. Nikamuuliza, pasopu hii ya kuungua moto? Akasema ndiyo, ndiyo jina la yule Kaburu, kwani wewe ulidhani ni nini.

Nilirudi Nakuru na picha ya kipande kwenye simu, na kesi ya urithi nikaiweka kando kwa muda, jambo ambalo wajomba zangu hawajanisamehe. Jioni moja baada ya kufunga nikaandika "Pienaar" kwenye intaneti. Kwanza akaja François Pienaar, nahodha wa Afrika Kusini waliponyakua Kombe la Dunia la raga 1995, yule aliyekabidhiwa kombe na Mandela aliyevaa jezi namba sita. Kwa mtu wa Nakuru, mji ambao kila mwaka vijana hujazana uwanjani kwa raga ya Prinsloo, jina la Kikaburu kwenye raga si ajabu. Ajabu ilikuwa lile François. Mbona Kaburu ana jina la Kifaransa?

Nikafuata uzi. Pienaar, nikaambiwa, zamani ilikuwa Pinard. Nikaandika "Pinard", na hapo ndipo nilipopotea kwa wiki mbili nzima.

Kwa sababu akina Pinard wamejaa Kanada. Wafaransa walihamia kule, kandokando ya mto Saint Lawrence, tangu miaka ya 1600, na mapadri wao waliandika kila ubatizo, ndoa na mazishi, kiasi kwamba leo mtu wa Quebec anaweza kupanda ukoo wake hadi kwa yule aliyeshuka melini. Nilikuwa kama mtoto ndani ya duka la peremende. Na katika vitabu vile kila ukurasa una kitu kilichonifanya nisogeze kiti: mtu ana jina la ukoo, halafu neno dogo *dit*, halafu jina jingine. Fulani *dit* fulani. Maana yake ni "aitwaye". Yaani "anayejulikana pia kama"! Miaka mia tatu na zaidi kabla ya korido yangu, kuna karani alikuwa anachapa mstari wangu kwa kalamu ya unyoya.

Mengi ya majina yale ya pili yalitoka jeshini. Mwaka 1665 mfalme Louis wa 14 alituma kikosi cha Carignan-Salières, wanajeshi kama 1,200, na vita vilipopungua karibu mia nne wakabaki wakapewa ardhi. Askari wa Kifaransa alikuwa na jina la vita, ambalo wenzake au kapteni walimbandika: Lafleur, yaani Ua. Ladouceur, Upole, ambalo nadhani alipewa jitu katili kuliko wote. Sansregret, Asiyejuta. Tranchemontagne, Mkata-mlima. Vadeboncoeur, ambalo ningelitafsiri Enda-kwa-moyo-mkunjufu, na ningependa sana kumchapia huyo hati ya kiapo. Askari akigeuka mkulima, jina la utani linaingia naye shambani. Watoto wengine wanachukua la baba, wengine la utani, na baada ya vizazi viwili ndugu wa tumbo moja wana koo mbili. Wakivuka kwenda viwanda vya Marekani, Boisvert anakuwa Greenwood, na mjukuu wake hajui kwamba ni msitu ule ule umetafsiriwa tu.

Huko Ufaransa kwenyewe walijaribu kukomesha mchezo huu. Wakati wa Mapinduzi, 1794, ikapita sheria kwamba raia hataitwa kwa jina lisilo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Sheria kama hiyo ikija Kenya, ama itaua biashara yangu ama itanijengea nyumba ya ghorofa.

Na nikiwa bado huko Kanada nikakutana na mtu wetu. Gavana Percy Girouard, aliyetawala hapa kuanzia 1909 hadi 1912, alizaliwa Montreal mwaka 1867 katika ukoo wa Wafaransa wa kule. Alikuwa mhandisi wa reli, na kwa Wamaasai jina lake lina uchungu, kwa kuwa ni chini yake walihamishwa kutoka Laikipia mwaka 1911. Ni wakati wake pia ambapo kijiji cha makaburu kilichoitwa Sisibo kilipewa jina rasmi la Eldoret. Sisibo yenyewe ni "sixty-four" iliyopita kwenye vinywa vyetu, namba ya shamba ambamo posta ilijengwa. Wazee wa Eldoret bado wanasema Sisibo. Kwa hiyo hata mji ule ni Eldoret *dit* Sisibo.

Nikamwambia mke wangu, nimempata: Pinari wetu ni Mfaransa wa Kanada aliyekuja na gavana! Akaniuliza swali moja tu. "Si Kukhu alisema ni Kaburu?"

Wiki mbili.

Kaburu hatoki Kanada. Nikafunga kurasa zote nikaanzia upande wa pili, Rasi ya Tumaini Jema. Na kule ikawa rahisi kiasi cha kuaibisha. Oktoba 1685 huyo huyo Louis wa 14 aliifuta amri ya Nantes iliyowapa Waprotestanti nafasi ya kusali, na Wahuguenot, ndivyo walivyoitwa, wakakimbia kwa maelfu. Wengi waliingia Uholanzi. Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya Indi ilihitaji wakulima kule Rasi, ikawapakia baadhi yao, kama watu mia mbili, wengi wao mwaka 1688 na miezi ya karibu na hapo. Kwenye merikebu iitwayo Voorschoten, iliyotia nanga Aprili 1688, kulikuwa na seremala kijana aliyeitwa Jacques Pinard pamoja na mkewe, Esther Fouché. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mzee wa akina Pienaar wote.

Hapo nikaacha kusoma nikawa nafanya kazi. Nilichukua karatasi nikaandika Pinard. Mfaransa hatamki ile d ya mwisho. Anasema "pinaa" na kitu kama r kooni. Sasa wewe ni karani Mholanzi, hujui Kifaransa, mstari ni mrefu, mtu anakutajia jina. Kwa Kiholanzi sauti ya i ndefu huandikwa *ie*, na a ndefu huandikwa *aa*. Unaandika ulichosikia: Pienaar. Hakuna ubaya hapo, hata mimi ningeandika hivyo saa sita mchana. Ni kwa njia hiyo hiyo Villion aligeuka Viljoen, Cronier akawa Cronjé, Mesnard akawa Minnaar, Sénéchal akawa Senekal. Kampuni ilitawanya mashamba yao katikati ya Waholanzi makusudi na kutaka watoto wafundishwe Kiholanzi, na kabla ya wajukuu kuzeeka Kifaransa kilikuwa kimekwisha midomoni. Yakabaki majina na mizabibu.

Na Kuka wangu, ambaye hakuwahi kuona kitabu cha Kifaransa, alisema Pinari. Mbukusu hawezi kuacha neno likatike kwenye r, kwa hiyo alitia i ya kulifunga. Itoe hiyo i, na una kitu ambacho yule seremala angeitika kwacho. Katika vita vya 1914 askari wa Kifaransa hata waliuita mvinyo wao wa bei rahisi pinard, lakini hilo halihusiani nasi, nalitaja kwa sababu lilinifurahisha.

Walivyofika huku kila mtu wa Nakuru angepaswa kujua, maana walishukia hapa stesheni. Mwaka 1908 msafara wa Van Rensburg, makaburu zaidi ya mia mbili waliochoka na maisha baada ya kushindwa na Waingereza, walipanda meli hadi Mombasa na treni hadi Nakuru. Hapa wakapiga kambi, wakafundisha maksai nira, na mwezi wa nane wakaanza kupanda na magari ya kukokotwa: Eldama Ravine, msituni, Timboroa. Walifika jabali la Sergoit Oktoba. Mimi nikienda kwa Kukhu matatu hupita pale Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na saa kumi na moja asubuhi kondakta huvaa koti mbili. Msimu wa mvua, na ng'ombe, bila lami! Siwapendi kwa walichotufanyia, ila kupanda mlima ule walipanda.

Basi ukoo ulikuwa umejulikana. Lakini Pasopu ilinishinda. Nilijaribu Kifaransa, na nikapata maneno matatu yanayofanana, yote upuuzi. Aliyenisaidia ni jirani yangu wa korido anayeuza vioo vya simu, aliyekaa Pretoria miaka sita. Nilimsikia mteja wake akikanyaga waya, nikasema kwa mazoea, "Pasopu!" Jirani akainua kichwa.

"Umejifunzia wapi Kikaburu?"

Akaniambia kule kila geti lina kibao: *Pasop vir die hond.* Jihadhari na mbwa. Yaani kile kibao ambacho hapa Milimani kimeandikwa MBWA MKALI, kwa herufi kubwa, hata kama ndani kuna kijibwa cha kulala tu. Pasop, jihadhari. Baadaye nikasoma kwamba kitenzi chenyewe, *passen*, Waholanzi walikichukua zamani kwa Wafaransa, kutoka *passer*, kupita. Kwa hiyo Ufaransa ilikuwa imejificha hata kwenye jina la utani.

Krismasi nilirudi Kimilili kumhadithia Kukhu. Alinisikiliza kuhusu mfalme, merikebu na seremala kama mtu anavyosikiliza hali ya hewa ya nchi nyingine. Nilipofika kwenye mbwa mkali akacheka hadi akashika goti.

"Ng'ombe ndio aliowaambia hivyo," akasema. "Akifunga plau, pasopu, pasopu, siku nzima. Lakini hiyo siyo sababu ya sisi kumwita hivyo."

Akanieleza polepole, mkono ukionyesha mistari ya mahindi hewani. Wakati wa palizi watu walikuwa wamepangwa, kila mtu na mstari wake, wanawake huku, wanaume kule. Tikiti, kadi ya kuhesabia siku za kazi, ilikuwa ya siku thelathini, na Kaburu akikukuta umesimama siku hiyo haihesabiwi. Alikuja kwa farasi, kimya, kutoka upande wa miti. Sasa ukipiga kelele kwamba Pinari anakuja, atasikia jina lake, na wewe ndiye utakayekiona kiboko. Lakini aliye mwisho wa shamba akiona kofia, alisema tu "pasopu", si kwa nguvu, kama anayemwonya mwenzake na jembe. Wa pili akalipokea. Wa tatu. "Lilikuwa linatembea hivi," Kukhu akasema, na vidole vyake vikapita juu ya meza kutoka kona moja hadi nyingine, "linafika kwa mimi kabla ya farasi." Na mzungu akipita alitikisa kichwa akafurahi, kwamba wafanyakazi wake wamejifunza kujihadhari kwa lugha yake.

Nikamuuliza kama Pinari aliwahi kujua. Kukhu akanitazama kwa huruma. Waliondoka karibu na Uhuru, akasema, na siku ya kupakia lori kabati lilitaka kumwangukia mke wake. Kuka ndiye aliyepiga kelele, "Pasopu!" Yule Kaburu akageuka, akasema asante.

Nilikuwa nimemletea kipande chake, nimekitolea nakala tatu za kesi na kukitia ndani ya bahasha ya kaki ili kisizidi kupasuka. Nikatoa kalamu nikauliza tuandike nini juu, maana kopo limejaa karatasi na siku moja mtu mwingine atatafuta. Nikapendekeza jina la Kuka, kwa herufi zilizo sahihi, na chini yake la mwajiri, nikamtajia herufi moja moja, p, i, e, n, a, a.

"Hizo a mbili ni za nini?" akauliza. "Mzee mwandikie Wekesa. Na huyo mwingine andika Pasopu, ndiyo nitajua ni karatasi gani."